Steve Tikolo na daftari la magwiji

Tarehe 20 Machi imeandikwa mara mbili katika maisha ya Steve Tikolo. Mwaka 2003, mjini Durban, siku hiyo aliiongoza Kenya kuingia uwanjani kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi dhidi ya India. Miaka minane baadaye, tarehe ile ile, akiwa na umri wa miaka 39, aliingia Eden Gardens mjini Kolkata kuliaga Kombe hilo, na Kenya ikachapwa na Zimbabwe kwa tofauti ya mikimbio 161. Ilikuwa mechi ya sita na kichapo cha sita. Katika mashindano hayo, yaliyokuwa Kombe lake la Dunia la tano, Tikolo hakufikisha mikimbio hamsini katika mechi hata moja. Walioanza kumfuatilia miaka hiyo ya mwisho walimwona mpigaji ambaye macho na miguu yake vilikuwa vimeanza kuchoka, na kwao swali la kama yeye ni gwiji lilikuwa rahisi kujibu. Huyu alikuwa fahari ya nyumbani, walisema, jogoo wa shamba asiyewika mjini, na kumtaja pamoja na magwiji wa nyakati zote ni mapenzi tu.

Naona jibu hilo ni la haraka mno. Tikolo anastahili nafasi katika orodha ya magwiji wa kriketi duniani, na hoja yake haitegemei uzalendo. Inategemea namna tunavyosoma hesabu. Mchezo huu una daftari lililoandikwa kwa uangalifu kuliko michezo mingi, kiasi kwamba mtu huweza kudhani kila kilicho muhimu kimo ndani yake. Lakini daftari huandika kile mchezaji alichofanya pale alipopewa nafasi. Haliandiki milango aliyofungiwa, wala umri aliokuwa nao ilipofunguliwa.

Tuanze na tarakimu zinazomwumiza, kwa sababu ndizo hoja kuu ya wapinzani. Katika mechi za kimataifa za siku moja Tikolo alifunga mikimbio zaidi ya 3,400 katika mechi zaidi ya 130. Wastani wake, yaani mikimbio yote ikigawanywa kwa mara alizotolewa, haufiki 30. Alivuka mia mara tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyopatikana katika Kombe la Dunia. Mechi za siku tano, ziitwazo Testi, hakucheza hata moja, maana Kenya haikuwahi kuruhusiwa kuzicheza. Ukimweka kando ya Brian Lara mwenye Testi 131, au Sachin Tendulkar mwenye Testi 200 na mechi 463 za siku moja, karatasi ya Tikolo inaonekana kama ya mwanafunzi aliyekosa nusu ya mitihani.

Hebu tuitazame karatasi hiyo kwa ukaribu zaidi. Tikolo alizaliwa Nairobi Juni 1971. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa rasmi ilichezwa Cuttack, India, tarehe 18 Februari 1996, na ilikuwa pia ya kwanza kwa nchi yake. Alikuwa na miaka 24. Tendulkar alianza akiwa na miaka 16. Tangu siku hiyo, ukigawanya mechi za Tikolo kwa miaka aliyoichezea Kenya, unapata kama saba kwa mwaka. Katika mwaka 1998 pekee Tendulkar alicheza 34. Mpigaji hujengwa na kurudia. Anayekutana na mrushaji hodari leo, akatolewa, kisha akakutana naye tena baada ya siku tatu, hujifunza mkono wake. Tikolo alikutana na warushaji bora duniani mara chache, mara nyingi wakiwa wageni kabisa kwake, kisha akarejea kwenye ligi ya Jumapili ya Nairobi na klabu yake ya Swamibapa.

Na bado, siku hiyo ya Cuttack, mbele ya mrushaji wa India Anil Kumble na wenzake, alifunga 65. Wiki mbili na ushei baadaye, tarehe 6 Machi, Kenya ilikutana na Sri Lanka mjini Kandy. Sri Lanka walifunga mikimbio 398, rekodi ya dunia wakati huo kwa mechi za siku moja. Timu changa ikiona mlima wa namna hiyo hukata tamaa kabla ya kuushika. Tikolo aliupanda, akafunga 96 kwa mipira 95, dhidi ya kikosi kilichokuwa na mrushaji Muttiah Muralitharan, kikosi ambacho siku 11 baadaye kilitawazwa bingwa wa dunia. Kenya ilimaliza na 254. Hakufika mia, na wapinzani hukumbusha hilo. Lakini anayesema kuwa mikimbio minne iliyokosekana siku hiyo ndiyo inayotenganisha gwiji na asiye gwiji anaabudu tarakimu za mviringo.

Ushahidi wangu mzito zaidi ni wa Aprili 1997, mjini Kuala Lumpur, katika fainali ya Kombe la ICC (Baraza la Kimataifa la Kriketi), mashindano ya nchi zisizocheza Testi. Kenya ilifunga 241 dhidi ya Bangladesh, na 147 kati ya hizo zilikuwa za Tikolo. Wenzake wote, pamoja na mikimbio ya ziada, walichangia 94. Mvua iliponyesha, hesabu zikapigwa upya na Bangladesh wakapewa shabaha ya 166 katika ova 25, kila ova ikiwa mipira sita. Walishinda katika mpira wa mwisho kabisa. Historia ya mataifa mawili iligawanyika miaka michache baada ya siku hiyo. Juni 2000 Bangladesh walipewa hadhi ya Testi, na Kenya ikabaki nje ingawa ilikuwa imewafunga Bangladesh zaidi ya mara moja katika miaka hiyo. Sisemi mpira mmoja ndio uliotoa uamuzi. Bangladesh ilikuwa na mashabiki mamilioni, soko la televisheni na serikali iliyoutaka mchezo huo. Ninachosema ni kwamba sababu zilizomnyima Tikolo jukwaa kubwa hazikuwa mikononi mwake wala katika gongo lake.

Hapa ndipo ulinganisho ulio wa haki unapopatikana. Habibul Bashar na Mohammad Ashraful walikuwa nguzo za upigaji wa Bangladesh katika miaka ile ile, wakiwa na mechi nyingi, makocha wa kudumu na hadhi ya Testi. Wastani wao katika mechi za siku moja ni takriban 22 kila mmoja. Wa Tikolo uko karibu na 29, na juu yake kuna wiketi zaidi ya 90, yaani wapigaji aliowatoa, alizochukua kwa urushaji wake wa taratibu.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote ni la Andy Flower. Mzimbabwe huyo naye alichezea timu dhaifu, naye alibeba wenzake mabegani, lakini alimaliza na wastani wa zaidi ya 51 katika Testi 63. Kama Flower aliweza, huulizwa, kwa nini tumwonee huruma Tikolo? Swali hili lina uzito na silikwepi. Flower alikuwa mpigaji bora kuliko Tikolo, na sina haja ya kudai vinginevyo. Ila angalia chanzo cha ukubwa wake. Zimbabwe iliingia katika Testi mwaka 1992, na ni katika mechi hizo za siku tano Flower alipojenga jina. Katika mechi za siku moja wastani wake ni 35, juu ya Tikolo lakini si kwa umbali wa mbingu na ardhi. Ondoa Testi zote 63 kwenye daftari la Flower, punguza mechi zake za siku moja hadi saba kwa mwaka, kisha uulize kama ulimwengu ungemkumbuka hivyo.

Kriketi yenyewe imeshakubali hoja ya aina hii ilipohusu mtu mwingine. Barry Richards wa Afrika Kusini alicheza Testi nne tu, zote mwaka 1970, kabla ya nchi yake kufungiwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Don Bradman alimweka katika kikosi chake cha nyakati zote, na mwaka 2009 ICC ilipoanzisha Ukumbi wa Mashujaa, Richards alikuwemo katika kundi la kwanza. Ni kweli kwamba Richards alipata miaka mingi ya kriketi ya kulipwa Uingereza, na huko akathibitisha alichokuwa nacho. Tikolo alipata muda mfupi tu na timu ya Border nchini Afrika Kusini. Lakini kanuni ni ileile: aliyekosa jukwaa hahukumiwi kana kwamba alipanda akaanguka. Katika ukumbi huo hakuna Mkenya hata mmoja.

Wamarekani nao wamelipitia jambo hili katika besiboli, mchezo wao wa gongo. Josh Gibson, mpigaji wa kutisha, alicheza katika ligi za watu weusi kwa sababu ligi kuu ziliwafungia mlango. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi michache tu kabla Jackie Robinson hajauvunja mlango huo. Watafiti walitumia miaka mingi kuchambua magazeti ya zamani na kukusanya matokeo. Mei 2024 takwimu za ligi hizo ziliunganishwa na za ligi kuu, na Gibson, kwa wastani wa 0.372, akawa juu ya Ty Cobb aliyeshikilia nafasi ya kwanza kwa 0.367. Gibson hakuongezewa mpira hata mmoja. Kilichobadilika ni watu kukubali kuhesabu.

Kwetu Nairobi, milango nayo ina historia yake. Mwaka 1910 maofisa wa serikali ya kikoloni walicheza kriketi dhidi ya walowezi, na kuanzia 1933 mechi kubwa ikawa ya Wazungu dhidi ya Waasia. Mwafrika hakuwa na upande. Mwaka 1918, kati ya mechi hizo mbili, ekari 4,197 za Kibera zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, walikokaa askari wa Kinubi wa King's African Rifles na jamaa zao. Majina ya vijiji vyao yangali yanasema walitoka wapi: Kambi Muru ni kumbukumbu ya Wamoru wa Sudan Kusini ya leo, kama Kambi Aluru ilivyo ya Waaluri. Mtu wa Kambi Muru aliweza kupigana vita vya Uingereza, lakini klabu za mchezo wa Waingereza, ndani ya mji huohuo, hazikuwa zake. Hata timu ya Afrika Mashariki iliyocheza Kombe la Dunia la 1975 ilijaa wachezaji wenye asili ya Asia. Kikosi cha 1996 chini ya nahodha Maurice Odumbe, chenye Tikolo, Kennedy Otieno, Thomas Odoyo na Martin Suji bega kwa bega na Asif Karim na Hitesh Modi, kilikuwa kitu kipya. Kizazi cha kwanza hakina baba wa kukielekeza katika ngazi hiyo, na kazi ya Tikolo lazima isomwe hivyo.

Wapo wanaosema kwamba sifa za 2003 ni za bahati, kwa kuwa New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya ikapewa pointi za bure. Pointi hizo zilisaidia, hilo halina ubishi. Lakini hazikuwafunga Sri Lanka tarehe 24 Februari katika uwanja wa Gymkhana, Kenya ikiwa na 210 na wageni wakiporomoka kwa 157, Collins Obuya akichukua wiketi tano. Hazikuwafunga Bangladesh wala Zimbabwe. Na kwenye nusu fainali yenyewe, India walipofunga 270, Kenya ilipata 179, na nahodha akapata 56 kati ya hizo. Hadi leo hakuna nchi nyingine isiyocheza Testi iliyofika hatua hiyo ya Kombe la Dunia la wanaume.

Alikuwa na miaka 31 wakati huo, umri ambao mpigaji huwa ameiva. Miaka iliyofuata ndiyo ingeliandika jina lake kwa wino mzito. Badala yake ikaja migogoro ya malipo, migomo ya wachezaji na vita vya uongozi vilivyouvunja Chama cha Kriketi cha Kenya, hadi Cricket Kenya ilipoundwa mwaka 2005. Mwaka 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na wacheza kamari. Mechi zikakauka. Huwezi kuitumia miaka hiyo mitupu kushusha hesabu za Tikolo, kisha ukatumia uzee wake wa 2011 kuzishusha mara ya pili.

Mwaka 2013 aliitwa tena. Alikuwa na miaka 42, na Kenya haikuwa imempata mpigaji wa kushika nafasi yake. Wengine waliuona urejeo huo kama doa. Mimi nauona kama ushahidi wa mwisho, na wenye uchungu: nchi iliyofika nusu fainali ilikuwa bado inamwegemea mtu yule yule muongo mzima baadaye. Mwanzoni mwa 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Yeye akaenda kuifundisha timu ya taifa ya Uganda.

Watafiti wa besiboli walianza na karatasi zilizochakaa. Nairobi nayo ina klabu zilizocheza ligi kila Jumapili kwa miongo, Swamibapa, Gymkhana, Aga Khan na nyinginezo, na kila mechi ilikuwa na mwandishi wa matokeo aliyeketi na kalamu. Madaftari hayo yakusanywe sasa, mechi kwa mechi, wangali hai waandishi hao na wachezaji waliokuwa uwanjani.