Mary Juma wa Ross: Waliposali Miaka Mingi Bila Msikiti



Biharusi anapokuja kupimwa nguo, mara nyingi mazungumzo huhama kwenye kitambaa yakaingia kwenye safari. "Dada, huko ninakokwenda hakuna msikiti karibu wala jamaa. Nitaweza?" Leo nawajibu kwa kisa cha bibi mmoja, Mary Juma.

Mary alizaliwa Syria. Mwaka 1899 yeye na mumewe, Hassan Juma, walihamia Marekani, wakawaacha mabinti zao wawili kwa jamaa. Wewe uliye mama, hebu fikiria kuwaaga wanao ukapanda meli hujui mtaonana lini.

Walianza kwa uchuuzi, na gari la farasi, shamba hadi shamba. Wachuuzi wa Kisyria wa zama zile waliuza sindano, nyuzi, vifungo na vitambaa. Mimi fundi, hapo moyo wangu ulicheka! Mwaka 1902 wakafika magharibi ya North Dakota, upande wa mpaka wa Canada, wakakuta watu wanamiminika kuchukua ardhi. Nao wakachukua, karibu na kijiji cha Ross.

Sheria yenyewe ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862. Familia ilipewa ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti la kujenga nyumba, kulima na kuishi hapo miaka 5, ndipo wapate hati. Mwanamke asiyeolewa au mjane aliweza kuchukua kwa jina lake. Mwenye mume, kwa kawaida hakuweza. Na tuseme haki: ardhi ile haikuwa tupu. Wenyeji wa asili walikuwa wamekwisha kusukumwa pembeni.

Maisha hayakuwa mepesi. Ilibidi waokote mawe shambani kabla ya kulima. Miti ni michache, upepo hauna kizuizi, na wakati wa baridi kali hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Lakini walivumilia mpaka wakawa na farasi wa plau, ng'ombe na kuku. Familia nyingine za Kiislamu kutoka Syria nazo zikahamia hapo.

Na dini je? Msikiti haukuwepo. Walikusanyika majumbani wakasali. Nani aliyefagia chumba, akatandika, akapika chakula cha wageni? Sina haja ya kuwaambia.

Mwaka 1929 ndipo walipojenga msikiti, mmoja wa misikiti ya mwanzo kujengwa Marekani. Jengo lilikuwa dogo, nusu yake chini ya ardhi. Walikuwa wamesubiri karibu miaka 27.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma. Muda si mrefu ukaja ukame na uchumi ukaanguka, watu wakahama. Watoto walikuwa wamekulia Kiingereza, wengi wakaoa na kuolewa na majirani wasio Waislamu, Kiarabu kikapotea. Msikiti ukabaki mtupu, na miaka ya 1970 ukabomolewa. Makaburi yalibaki, na lango lake lenye mwezi na nyota. Mwaka 2005 ukajengwa msikiti mwingine mdogo hapo hapo, kuwakumbuka wazee wale.

Kwa hiyo biharusi wangu, jibu langu ni hili: utaweza, inshaallah. Mary na wenzake waliweza bila jengo, kwa sababu nyumba zao zilikuwa ndiyo misikiti. Lakini jengo likipatikana, usidhani kazi imekwisha. Wafundishe wanao wangali wadogo, tena kila siku, kwani kuta haziwezi kumfundisha mtoto sala.

Kwenye sanduku lako, baada ya kanga na udi, tia mswala wa pili. Huo ni wa mtoto atakayesimama pembeni yako.