Rika na Kaya: Mipango Miwili ya Makazi ya Familia Masoko, Wilaya ya Rungwe

Historia ya makazi yaliyopangwa nchini Tanzania aghalabu huanzia kwenye Vijiji vya Ujamaa. Makala haya yanadai kwamba kwa Masoko, na Unyakyusa kwa jumla, mwanzo huo umechelewa. Dola ilikuta mpango mwingine, wenye jibu tofauti kwa swali lilelile: familia iishi jirani na nani?

Masoko ipo kusini-mashariki mwa Tukuyu, kando ya Ziwa Kisiba. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyoondoka kwa baba zao na kujijengea vibanda pembezoni mwa kijiji. Waliendelea kulima shamba la baba na kula kwa mama zao. Walipooa, kila mmoja alipata shamba na jiko lake, na vibanda vikawa kijiji kamili. Kijiji hicho kilikuwa cha rika, si cha ukoo. Ndugu wa damu waliunganishwa na ng'ombe na urithi, si na ujirani. Mpango huo ulilinda mambo mawili: heshima baina ya mkaza mwana na baba mkwe, ambao hawakutakiwa kuonana, na ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzi wa rika.

Hata hivyo, mpango huo ulihitaji ardhi. Katika ubusoka, sherehe ya kukabidhi madaraka kwa kizazi kipya, wazee walisogea kuwapisha vijana. Kahawa ilipoenea na watu kuongezeka, kusogea kulimaanisha kuacha mali iliyochukua miaka kukua. Wazee walisita, na vijana wakakosa mahali pa kuanzisha kijiji chao.

Dola huru ilileta kipimo kingine. Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji kufikia mwisho wa 1976, na sheria ya 1975 ikataka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Sheria ilihesabu kaya bila kuuliza rika. Baba na mwanawe aliyeoa kuwa majirani hakukuwa kasoro kisheria. Katika mpango wa awali, hilo ndilo kosa lililopaswa kuepukwa.

Katika maeneo yenye watu wengi na mazao ya kudumu, kama Rungwe, vijiji vingi viliandikishwa palepale vilipokuwa. Kwa sababu hiyo, ni rahisi kuhitimisha kwamba sera haikubadili mengi. Hitimisho hilo linapotosha. Nyumba hazikuhama, lakini umbali uliolinda heshima ya mkaza mwana haukuwa tena sehemu ya mpango wowote. Ulibaki kuwa jukumu la adabu yake mwenyewe. Mtafiti anayepima mabadiliko kwa idadi ya waliohamishwa hatayaona hayo.