Wahudumu wa dharura: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

MGONJWA anapofariki kabla ya kupata matibabu, wa kwanza kunyoshewa kidole huwa ni dereva wa ambulensi, muuguzi aliyeandamana naye au tabibu aliyekuwa zamu katika kitengo cha dharura. Hao ndio ambao jamaa za marehemu waliwaona kwa macho yao, na ndio ambao picha zao huchapishwa magazetini au kusambazwa kwa simu. Wanaopanga bajeti ya mafuta, idadi ya vitanda na ukarabati wa barabara hawapo penye tukio, na ni nadra kutajwa.

Nyamache, katika eneobunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, ni mahali panapoonyesha vyema uzito wa jambo hili. Ni sehemu ya milima na mashamba ya majani chai, yenye mvua nyingi na wakazi wengi. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kubebwa na majirani hadi barabarani, kisha akapandishwa bodaboda au matatu hadi hospitali ya kaunti ndogo. Ikiwa anahitaji huduma za juu zaidi, hupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, mjini Kisii. Kila hatua hula muda wake. Hata hivyo, msiba ukitokea, muda wote uliopotea huhesabiwa dhidi ya mhudumu wa hatua ya mwisho.

Sheria yasemaje?

Ghadhabu ya umma ina msingi. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ilifafanua kuwa matibabu hayo yanajumuisha huduma za kabla ya kufika hospitalini, kuimarisha hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa. Taasisi inayokosa kutoa huduma hiyo ilhali ina uwezo hutenda kosa, na inaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni.

Msomaji azingatie kwamba adhabu hiyo imeelekezwa kwa taasisi. Aidha, Jedwali la Nne la Katiba limeorodhesha huduma za ambulensi miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo, gari likikosa mafuta au dereva, swali la kwanza ni la wanaosimamia fedha za kaunti.

Saa 18 ndani ya ambulensi

Kisa kilichotikisa nchi kilitokea Nairobi mnamo Oktoba 2015. Majeruhi wa ajali ya barabarani alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi akisubiri kitanda katika wadi ya wagonjwa mahututi, na hatimaye akaaga dunia. Safari hii gari lilikuwepo na wahudumu walikuwepo. Kilichokosekana ni kitanda. Lau habari hiyo ingeishia kwenye sura ya aliyekuwa mlangoni, taifa lisingejadili uhaba wa vitanda hivyo katika hospitali za umma.

Sifa nazo zaweza kupotosha. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 21, 2013, ambapo watu 67 waliuawa, wahudumu wa dharura na watu waliojitolea walipongezwa kote nchini. Walistahili. Lakini shujaa wa magazetini huonekana kama asiyechoka, asiyehitaji glavu, bima wala mshahara kwa wakati. Madaktari walipogoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi kwa miezi mitano mwaka wa 2017, wengi waliwaita wasaliti. Shujaa na msaliti alikuwa mtu yule yule.

Wajibu wa mwanahabari

Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilimtaka mwanahabari kuandika habari za haki na zilizo sahihi, kutafuta kauli ya anayetajwa kwa ubaya, na kuomba idhini kabla ya kuingia sehemu za hospitali zisizo wazi kwa umma. Mhudumu anayehisi kuchafuliwa jina anaweza kuwasilisha lalama kwa Tume ya Malalamishi ya baraza hilo.

Raia naye ana pa kwenda. Malalamishi kuhusu madaktari hupokelewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na yanayohusu wauguzi hupelekwa kwa Baraza la Wauguzi. Afisi ya kupokea malalamishi ya umma hushughulikia uzembe wa idara za serikali.

Kabla ya kuandika au kusambaza lawama, yafaa maswali haya yajibiwe: Simu ya kuomba msaada ilipigwa saa ngapi, na ni nani aliyeipokea? Gari lilikuwa wapi, na lilikuwa na mafuta? Ndani yake mlikuwa na oksijeni na mtu aliyefunzwa? Hospitali ya rufaa ilijulishwa mapema? Kitanda kilikuwepo?

Majibu yakionyesha kwamba mhudumu alizembea, na aadhibiwe. Yakionyesha vinginevyo, kumwadhibu hakutamfaa mgonjwa wa kesho wa Nyamache, kwa sababu atalikuta gari lile lile bila mafuta.