Sanduku la Leisnig

Twakumbuka kwamba mwaka 1523 usharika wa Leisnig, huko Saksonia, ulianzisha sanduku la pamoja, naye Martin Luther akauandikia utaratibu wake dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, funguo zikagawanywa kwa makabaila, baraza la mji, wenyeji na wakulima. Kutoka humo wangetunzwa maskini na yatima, na kulipwa mchungaji na mwalimu. Mapato yasipotosha, kila mtu atoe kadiri ya uwezo wake. Lakini baraza lilikataa kukabidhi mali ya wakfu, na mpango ukadhoofika. Baadaye Luther alisikitika kwamba watu waliotoa kwa wingi walipoihofu toharani, walitoa kidogo walipoisikia Injili. Nasi tunaohubiri neema hatuna budi kujiuliza: je, shukrani yetu hutoa pungufu ya hofu yao?