Wembe na Mkanda: Jinsi Hadithi ya Sauti Ilivyopata Wenyewe

Historia ya kunasa sauti husimuliwa zaidi kama historia ya mashine, kuanzia silinda ya Thomas Edison ya mwaka 1877 hadi simu ya mkononi. Hata hivyo, kwa anayeanza kujifunza kutengeneza hadithi za sauti, yaani masimulizi yanayoundwa kwa kuunganisha maneno ya watu, milio ya mazingira na muziki ili yasikilizwe bila picha, lipo swali lenye manufaa zaidi, nalo ni hili: katika kila kipindi cha historia hiyo, nani aliruhusiwa kusema kwa kinywa chake, na nani alisemewa na wengine? Kwa zaidi ya nusu karne baada ya Edison, jibu lilitegemea kwa kiasi kikubwa uzito wa mashine na muda ambao mashine hiyo iliweza kunasa.

Santuri iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu au nne tu kwa kila upande, na mashine za kuitengeneza zilikaa katika miji michache mikubwa. Ndiyo sababu mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wa Unguja walivuka bahari hadi Bombay ili nyimbo zao zinaswe, na ushairi wa taarab, ambao ukumbini huweza kurefushwa kadiri ya hamu ya wasikilizaji, ukalazimika kutoshea ndani ya dakika hizo chache. Aidha, santuri haikusahihishika: aliyekosea katikati alianza upya, na kilichokwisha kuchongwa hakikuweza kupunguzwa wala kupangwa upya. Katika hali hiyo aliyefaa kunaswa alikuwa mtu aliyejiandaa, kama vile mwimbaji, mhutubu au mwigizaji, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida, yenye kusitasita na kurudia, yalikuwa ghali mno kuyahifadhi.

Redio ilirithi kizuizi hicho. Katika shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, ilikuwa desturi katika miaka ya 1930 kwamba mtu wa kawaida aliyetakiwa kusema hewani alihojiwa kwanza, maneno yake yakaandikwa na kusafishwa, kisha yeye mwenyewe au mwigizaji akayasoma kutoka kwenye karatasi. Olive Shapley, mtayarishaji wa vipindi mjini Manchester, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuivunja desturi hiyo. Alitumia gari la kunasia sauti lenye uzito wa zaidi ya tani 7, ambalo ndani yake mlikuwa na mashine za kuchonga santuri, akalipeleka kwa watu katika makazi na kazi zao, na mwaka 1939 akatayarisha pamoja na Joan Littlewood kipindi cha The Classic Soil, kilichoyalinganisha maisha ya maskini wa Manchester ya wakati huo na yale yaliyoelezwa na Friedrich Engels karibu karne moja kabla. Kazi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida, kwa sababu ilifanywa kwa vifaa ambavyo kila sifa yake ilikuwa kikwazo.

Kizuizi kilivunjwa na mkanda wa sumaku. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipata hataza ya ukanda uliopakwa unga wa chuma wenye uwezo wa kuhifadhi sauti, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ikaonyesha mjini Berlin mashine iliyoitwa Magnetophon. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia teknolojia hiyo ilienea Marekani na kwingineko. Sifa yake kubwa, kwa upande wa usimulizi, haikuwa usafi wa sauti bali ukweli kwamba mkanda uliweza kukatwa. Katika kasi moja iliyotumiwa sana, mkanda ulipita mbele ya kichwa cha kusomea, yaani kifaa kinachoigeuza sumaku kuwa sauti tena, kwa takriban sentimita 19 kila sekunde, hivi kwamba pumzi ya nusu sekunde ilikuwa kipande cha karibu sentimita 10 kinachoshikika kwa vidole. Mhariri aliyazungusha magurudumu mawili ya mkanda kwa mikono, mbele na nyuma polepole, hadi akasikia mahali hasa neno linapoanzia. Akaweka alama kwa penseli ya nta, akaulaza mkanda kwenye kibao chenye mfereji, akaukata kwa wembe, mara nyingi kimshazari ili sauti moja ipokee nyingine bila mshtuko, kisha akaziunganisha ncha kwa utepe wa gundi upande wa nyuma.

Katika kazi hiyo ya mikono ndimo zilimozaliwa kanuni nyingi ambazo hadi leo hufundishwa wanaoanza. Iligundulika kwamba pumzi ya msemaji isiondolewe ovyo, kwa kuwa mtu asiyepumua husikika kama si mtu, na kwamba chumba kisicho na msemaji nacho kina sauti yake, ambayo ni mchanganyiko wa upepo, mashine za mbali na mwangwi wa kuta. Kwa hiyo mnasaji makini hunasa ukimya wa mahali penyewe kwa dakika moja hivi kabla ya kuondoka, ili baadaye apate kipande cha kuziba pengo baina ya sentensi mbili. Kukata kulileta pia wajibu mpya wa kimaadili, kwani wembe uliotoa kikohozi uliweza vilevile kutoa neno “si” na kumfanya mtu aseme kinyume cha alichokusudia.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa nguvu hiyo ulitokea Uingereza. Tarehe 9 Februari 1957, karibu na Chapel-en-le-Frith, bomba la mvuke lilipasuka ndani ya chumba cha dereva wa garimoshi la mizigo, na treni ikaanza kushuka mlima bila breki. Dereva wake, John Axon wa Stockport, alimwamuru msaidizi wake aruke, naye akabaki akipambana na mvuke unaounguza hadi treni ilipogonga nyingine na yeye kufa. Charles Parker, mtayarishaji wa BBC mjini Birmingham, alimwomba mtunzi Ewan MacColl aandike masimulizi ya nyimbo kuhusu tukio hilo. Wawili hao walikwenda na mashine ndogo ya mkanda kuwahoji wafanyakazi wa reli, wakarudi na zaidi ya saa 40 za mazungumzo. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa kawaida, yaani kuyachota maneno hayo, kuyageuza kuwa maandishi na kuwapa waigizaji. Lakini walipoyasikiliza tena na tena walitambua kwamba hakuna mwigizaji ambaye angeweza kuurudisha mwendo wa usemi wa watu walioishi maisha yao juu ya reli. Waliamua sauti zenyewe ndizo zitumike, zikipokezana na nyimbo za MacColl zilizopangiwa muziki na Peggy Seeger, bila msimulizi wa kueleza chochote. The Ballad of John Axon ilitangazwa tarehe 2 Julai 1958, na hadi mwaka 1964 vipindi vingine saba vya aina hiyo vilifuata, kikiwemo Singing the Fishing cha mwaka 1960, kilichosikizisha sauti ya mvuvi mzee Sam Larner wa Winterton na kushinda tuzo ya Prix Italia.

Kipindi cha pili, Song of a Road cha mwaka 1959, kuhusu ujenzi wa barabara kuu ya M1, kina funzo la aina nyingine, kwani kilitenga nafasi kubwa kwa wahandisi na wapangaji, na MacColl mwenyewe alikiona kuwa dhaifu zaidi. Mtaalamu aliyezoea kuandika ripoti huongea kwa majumla, ilhali mchimbaji hutaja udongo, mvua na mkono wake ulioumia. Ndiyo maana mhoji stadi huuliza “ulisikia nini, ulishika nini” kabla ya kuuliza maoni.

Afrika Mashariki mkanda uliingia mapema. Hugh Tracey alipita Kenya na Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo vijijini, na mwaka uliofuata kituo cha redio kikaanzishwa Dar es Salaam, ambacho hatimaye kilizaa Radio Tanzania. Lakini hadithi ya sauti iliyochunguzwa kwa kina nchini Tanzania haikutumia sauti za barabarani; ilikuwa mchezo wa redio, Twende na Wakati, ulioanza Julai 1993 na kurushwa mara mbili kwa wiki, kila mara kwa dakika 30. Ulifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico, aliyegawa wahusika katika makundi matatu: wanaofanya vema, wanaofanya vibaya, na wale wa kati wanaoyumba kisha kubadilika, ambao ndio hubeba uzito wa mchezo. Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu mwenye wapenzi kando ya njia, alikuwa upande mbaya. Mkewe Tunu alianza akiwa mvumilivu na polepole akajisimamia.

Hapa maneno ya watu hayakuingia kwa wembe bali kwa utafiti uliotangulia uandishi, ambao ulichunguza jinsi watu wanavyoishi na kufikiri kuhusu uzazi, ndoa na UKIMWI, kisha waandishi wakayapa matokeo yake umbo la ugomvi wa nyumbani na mazungumzo ya njiani. Ni njia nyingine ya kufikia lengo lile lile la Parker, nayo ilipimwa kwa namna isiyo ya kawaida katika sanaa. Kuanzia mwaka 1993 hadi 1995 mchezo haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, ambako wasikilizaji waliwekewa vipindi vingine, ili watafiti wakiongozwa na Everett Rogers wapate eneo la kulinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kulikosikika mchezo, na baada ya hapo, mwaka 1995, wasikilizaji wa Dodoma nao wakaanza kurushiwa Twende na Wakati.