Historia ya Wazazi na Vijana Wetu

Wanachama wenzetu nanyi mliotuunga mkono, katika kijitabu hiki cha miaka 10 tumeona tusiandike habari za hisa na mikopo peke yake. Wapo wanaouliza vijana wetu wa Jumamosi ni mradi wa mfadhili gani. Hakuna mfadhili.

Zamani Usukumani vijana walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale. Mwenye shamba akizidiwa alikwenda kwake, naye akakusanya wenzake wakalima kwa nyimbo, kisha wakala nyama pamoja. Hapo kijana alijifunza kuongoza kabla hajawa na mji wake.

Kisha ikaja shida ya shule. Wakati wa Mwingereza, kwa watoto wengi safari iliishia darasa la nne, na wengine hawakulifikia. Mwaka 1955 wazazi wa Tanganyika wakaunda chama chao, TAPA, ili wafungue shule wenyewe. Walijenga kwa miti na udongo, mwalimu akalipwa kwa michango. Wakubwa wa elimu hawakuzipenda, kwani nyingi hazikuandikishwa na walimu hawakusomea ualimu. Ni kweli hawakusomea, lakini nani mwingine alikuwa anakuja? Na huku kwetu Jimbo la Ziwa hata TANU ilipigwa marufuku tangu 1954 hadi 1958. Baada ya uhuru TAPA ikaja kuwa Jumuiya ya Wazazi, nayo ikajenga sekondari.

Sasa sisi. Shule za kata zipo, matofali tulichangia wenyewe. Taabu inaanza mtoto akifika miaka 13 au 14. Wa kiume anasikia mwenzake kapata dhahabu Geita, basi anaacha daftari anakwenda duarani. Wa kike wanamjia watu na ng'ombe. Mahakama Kuu mwaka 2016, na ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa ni kinyume cha Katiba. Lakini hakimu hayupo pale usiku mahari inapohesabiwa.

Ndiyo maana tukatenga fungu katika mfuko wa jamii. Vijana wanachagua wenyewe mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanasoma, wanafanya mdahalo, na wana kisanduku chenye kufuli tatu kama letu. Baadhi yetu walinuna, wakasema fedha hiyo igawanywe, na hata leo wapo. Lakini katibu wao, binti wa kidato cha pili, alipoletewa posa, wenzake walikwenda na mama zao kwa baba yake, wakakaa mpaka jioni. Ng'ombe walirudi walikotoka. Binti wa pili alikuwa ameshapelekwa mbali kabla sisi hatujasikia.

Fungu hilo litapigiwa kura tena siku ya mgawo. Safari hii vijana nao watakuwepo, na tumekubaliana waruhusiwe kusema.