Usanifu: Wanafunzi wa Sekondari Msingi hufunzwaje kubuni vifaa?

USANIFU ni utaratibu wa kufikiri unaomwongoza mtu kutoka kwa tatizo hadi kifaa kinacholitatua. Nchini Kenya, wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 hukutana nao hasa katika somo la awali la ufundi, mojawapo ya masomo tisa ya Sekondari Msingi. Kiwango hicho kilianza Januari 2023 chini ya Mtaala wa Umilisi (CBC).

Hatua zake kuu ni kutambua tatizo, kuwahoji watakaotumia kifaa, kuchora mapendekezo kadhaa, kuunda kielelezo, kukijaribu na kukirekebisha.

Mathalan, darasa katika mtaa wa Kawangware laweza kutakiwa kuunda kibuyu chirizi cha kunawia mikono kwa mtungi mkuukuu, kamba na vijiti. Swali si iwapo kinapendeza. Je, mtoto wa Gredi ya 1 anakifikia? Mtungi mmoja unatosha watoto wangapi? Kamba inakatika wapi? Majibu ndiyo huongoza mchoro wa pili.

Nairobi ina mfano wake maarufu wa kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu na mafundi wa jua kali waliunda jiko la makaa lenye udongo ndani, wakianzia kwenye jiko la ndoo la Thailand. Umbo la ndoo lilibadilishwa likawa pana juu na chini na jembamba kiunoni, ili jiko lisipinduke sufuria inapokorogwa. Udongo nao ukabakizwa sehemu ya juu pekee.

Hata hivyo, shule nyingi za umma zilipokea Sekondari Msingi katika majengo ya msingi yasiyo na karakana. Aidha, baadhi ya wazazi humlipa fundi ili mtoto awasilishe kazi iliyokamilika. Karibu na Dagoretti Corner, ambako maseremala hupanga samani kandokando ya Barabara ya Ngong, jambo hilo ni jepesi mno.

Hasara yake ni kubwa. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho, na mtihani wa KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025, asilimia 60. Kifaa cha kununuliwa humpendelea mwenye fedha na humnyima mwanafunzi somo lenyewe.

Kenya imewahi kujikwaa hapa. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulisisitiza kazi za mikono, lakini gharama za vifaa na karakana zikawalemea wazazi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa KCPE.

Dawa ni mwalimu kutoa alama kwa michoro, kielelezo cha kwanza na sababu za kila badiliko, ambavyo haviuzwi dukani. Seremala naye atafaa zaidi akialikwa darasani kueleza kwa nini kiti chake cha kwanza kilivunjika.